Mpira mwangavu na pampu ya kubinya: seti ndogo iliyoniponyeshea lori

Nimekaa na seti hii ya kutafutia hewa kwenye njia ya dizeli mwaka mzima kabla ya kuiandikia. Ni vitu vichache ndani ya mfuko mmoja: mpira mwangavu, unaoonyesha kinachopita ndani yake, wa mita 2 wenye tundu la milimita 10, pampu ya mpira ya kubinya kwa kiganja, klipu 6, na viungio vya plastiki vya kuunganisha mipira isiyolingana upana. Kabla sijaupata mfuko huo, lori langu lilikwisha kushushwa pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu hadi kwenye nozeli zinazoipulizia ndani ya silinda, na kubadilishwa nozeli zote 6, na ugonjwa ukabaki vilevile.

Lori ni la tani 7, lina miaka 31, silinda 6, halina turbo. Pampu yake ya nozeli ni ile ndefu ya mstari, kila silinda na bastola yake ndogo, aina ambayo Bosch walianza kuitoa kiwandani mwaka 1927. Hakuna mahali pa kuchomeka kompyuta ikakusomea kosa. Unabaki na masikio, pua, macho na spana.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi linawaka mara moja, linanguruma sekunde kumi, linazima. Baada ya hapo ni kupiga starta mpaka betri inalegea. Likishawaka linatembea vizuri, ila nikiwa na mzigo kwenye mwinuko mrefu nguvu zinaisha polepole, kama mtu anayekatwa pumzi. Nikiegesha dakika kumi, linapanda tena kana kwamba halikuwa na lolote. Fundi wa kwanza alisema pampu ya nozeli imechoka. Nilimkubalia kwa sababu moshi ulikuwa mweupe wakati wa kuwasha, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Pampu ikashushwa, ikapimwa, ikarudishwa. Siku ya tatu tukawa palepale.

Kitu ambacho nilipaswa kukijua mapema ni hiki. Kuanzia tangini hadi fidi pampu, ile pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu ya nozeli, dizeli haisukumwi, inavutwa. Tundu dogo upande huo halitoi mafuta nje, linaingiza hewa ndani. Unapapasa mipira yote, mikono inabaki mikavu, unaapa kwamba hakuna panapovuja. Usiku injini ikiwa imezimwa, hewa inapenya na dizeli inarudi tangini taratibu. Zile sekunde kumi za asubuhi ni mafuta yaliyosalia ndani ya filta na pampu. Yakiisha, pampu inakutana na hewa, na hewa ikibanwa inanywea tu, nozeli hazifunguki. Nikiegesha kichwa cha lori kikitazama chini, liliwaka bila shida. Dalili hiyo niliiona majuma mengi na sikuielewa.

Siku ya kwanza na mpira mwangavu nilianzia mwisho wa njia, kati ya filta ya dizeli na pampu ya nozeli. Nikawasha, nikamwomba utingo wangu akae kwenye usukani apige resi kidogo, mimi nikashika tochi nyuma ya mpira. Mapovu yalipita kama shanga zilizotungwa, moja baada ya jingine, bila kukoma. Nilisimama pale nikiyatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kitu nilichokitafuta miezi mitatu kilikuwa kinapita mbele ya macho yangu.

Baada ya hapo ni kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kati ya fidi pampu na filta: mapovu. Kati ya filta ya maji na fidi pampu: mapovu. Kati ya tangi na filta ya maji: dizeli safi, haina hata povu moja. Hewa ilikuwa inaingilia kwenye filta ya maji yenyewe, ile yenye bakuli la kukusanyia maji chini.

Hapa niseme kasoro kubwa ya seti, maana ilinipotezea saa nzima. Klipu zake ni mbovu. Ni zile za skrubu zenye bati pana lenye meno, na kwenye mpira mwembamba hazikazi duara sawasawa. Zinauma upande mmoja na kuacha nafasi upande wa pili. Nilipohamishia mpira hatua ya pili, mapovu yaliongezeka, nikaanza kuilaumu fidi pampu. Kumbe klipu yao ndiyo iliyokuwa inavuta hewa. Kifaa cha kutafuta hewa hakipaswi kuingiza hewa, na kwa hilo mtengenezaji ametukosea. Tupa klipu hizo, weka zile ndogo za waya mbili au zenye boliti ya kubana, na kila ukihamisha mpira ukague kwanza viungio vyako mwenyewe. Pia usihukumu mapovu ya dakika ya kwanza. Hewa uliyoiingiza wakati wa kufungua lazima ipite. Subiri, tazama kama yanakoma.

Pampu ya kubinya ndiyo iliyonionyesha tundu lenyewe, na kwangu ina thamani kuliko mpira. Ina vali ndani, inapitisha mafuta upande mmoja tu. Niliifunga karibu na tangi, nikabinya na kubinya mpaka ikawa ngumu kama mpira wa miguu uliojaa. Sasa ile njia iliyozoea kuvutwa ilikuwa inasukumwa, na palipokuwa panaingiza hewa palilazimika kutoa dizeli. Nilipitisha karatasi kavu kwenye kila kiungio. Ilirudi na doa chini ya kifuniko cha bakuli, mahali ambapo oringi, pete ya mpira ya kuzibia, ilikuwa imebapa na kukauka kama ngozi ya zamani. Oringi moja tu. Nikaweka mpya, nikakagua na washa (pete bapa) za shaba za hapohapo, zile zilizochoka nikazichoma moto mpaka zikaiva nyekundu ili zirudi kuwa laini. Kesho yake asubuhi lori liliwaka na kuendelea kunguruma. Sikulizima kwa nusu saa, nilikuwa nalisikiliza tu.

Lakini mlimani nguvu zikaisha tena. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa na magonjwa mawili, na moja lilikuwa limejificha nyuma ya jingine.

Nilirudisha mpira mwangavu kati ya tangi na filta ya maji, pale palipokuwa safi. Utingo akapiga resi na kuishikilia. Dakika ya nne hivi mpira ukaanza kubonyea, kuta zake zikasogeleana mpaka zikagusana katikati. Hakukuwa na mapovu hata kidogo. Mafuta yalikuwa yanavutwa na hayaji. Mpira mgumu mweusi usingenionyesha hilo kamwe. Hapa ulaini wa mpira huu, ambao kwa kazi nyingine ningeuita udhaifu, ulikuwa faida.

Kabla ya kushusha tangi nilifungua kifuniko chake. Tundu la kupumulia la kifuniko likiziba, tangi linajivuta lenyewe, na ukifungua unasikia hewa ikiingia kwa nguvu. Sikusikia kitu, na mpira ulibaki umebonyea. Nikazima, nikapuliza hewa kupitia mpira kurudi tangini. Nikasikia mafuta yakibubujika, na tulipowasha mpira ukakaa duara. Dakika chache baadaye ukabonyea tena. Basi kuna kitu kilichokuwa kinaelea humo na kuja kujibandika kwenye mdomo wa bomba la kuvutia. Injini ikizimwa, kinajibandua. Ndiyo sababu kupumzika dakika kumi kulilifufua lori kila mara.

Tulimwaga dizeli yote. Ndani ya tangi kulikuwa na kitambaa, upana wa kiganja, kimelowa na kuwa cheusi. Nadhani wakati fulani kifuniko kilipotea, mtu akaziba mdomo wa tangi na kitambaa. Pamoja nacho kulikuwa na utelezi mweusi sakafuni mwa tangi, ule unaoota pale maji yanapokutana na dizeli, maana kuna vijidudu vinavyoishi mpakani hapo. Tulisafisha, tukabadilisha filta zote mbili, tukarudisha.

Kutoa hewa baada ya kazi hiyo ndiko nilikoipenda zaidi pampu ya kubinya. Kile kipampu cha mkono cha lori langu kimechakaa, unakipiga mara mia hakijengi nguvu. Hii ya kubinya ilijaza filta ya maji, kisha nikalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta ya dizeli, nikabinya mpaka povu likaisha na dizeli nzima ikatoka, nikakaza. Vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli. Mwisho nikalegeza nati za mabomba kwenye nozeli, utingo akapiga starta kwa vipindi vifupi huku tukiipumzisha, dizeli ikajitokeza kwenye nati, nikakaza. Angalizo: nozeli za injini za namna hii hufunguka kwenye shinikizo la baa 200 hivi, na mafuta yanayofyatuka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayofanya kazi ili kuona kama inatoa. Ikitokea umechomwa, hata kama kidonda ni kama cha sindano, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa upande wa uimara, mpira umenikatisha tamaa kiasi. Baada ya miezi minne ulikuwa umeanza kuwa wa manjano na kukakamaa, na sasa ukiukunja unabaki na kovu. Ni tabia ya plastiki ya aina hii kwenye dizeli, kwa hiyo usiuache kwenye gari ukasafiri nao. Ni wa kupimia, unautoa, unaufuta, unauhifadhi. Usiupitishe karibu na bomba la moshi, na usijaribu hata siku moja kuufunga baada ya pampu ya nozeli. Mshale unaoonyesha upande wa mtiririko kwenye pampu ya kubinya umechorwa hafifu sana. Mimi niliukolezea rangi nyeupe baada ya kuifunga kinyume mara moja. Viungio vya plastiki ni vizuri, havijapasuka. Kinachokosekana ni kiungio cha boliti yenye tundu, ambayo malori mengi ya zamani yanayo kwenye filta. Mimi nilikata mpira mkuukuu uliokuwa na kichwa chake, nikauunganisha na huu.

Kwa jinsi ilivyofanya kazi naipa seti hii alama 4 kati ya 5. Ile moja imekwenda na klipu. Nimenunua mpira mwingine mwangavu wa mita 1, nimeufunga pamoja na pampu ya kubinya na oringi mbili za akiba ndani ya kitambaa kikavu, vinakaa chini ya kiti cha utingo.