Farasi wa baharini: wa kuvuliwa au wa shambani? Nimefuga wote, nawaambia ukweli

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena chumbani kwangu, leo taa nimepunguza maana hawa wenyewe hawapendi kumulikwa usoni, kwa hiyo picha ikiwa na giza mnivumilie. Leo ni leo. Farasi wa baharini, wale samaki wadogo wenye kichwa kama cha farasi. Kila siku mnaniandikia dada anauzwaje, dada mbona mmoja dola 65 mwingine dola 120 na wote wana mkia, si walewale tu? Si walewale. Wa kuvuliwa nimemfuga, nikamzika nyuma ya nyumba, na wa shambani hawa hapa nyuma yangu mnawaona, na leo nasema kila kitu mpaka bili ya umeme.

Mimi niko Houston, kwa hiyo soko ninaloliongelea ni la huku Marekani. Kwenye maduka ya samaki wa maji chumvi utamkuta sana Hippocampus erectus, huyu kwao ni hapahapa, Florida na Ghuba ya Meksiko, kuna wavuvi wenye leseni wanamtoa kwenye majani ya bahari anauzwa akiwa hai. Na huyohuyo erectus anazalishwa pia mashambani, yaani mashamba ya kufugia viumbe wa baharini. Yaani spishi ileile, sura ileile, tofauti yote iko kwenye maisha aliyoyaishi kabla hajafika kwako, na hiyo ukisimama mbele ya kioo cha duka huioni ng'o.

Wa kwanza nilimchukua duka moja la huku, silitaji, muuzaji akaniambia huyu kakulia kwenye tenki. Mimi nikasikia kazaliwa kwenye tenki, nikalipa 65 yangu nikaondoka nacheka. Jamani, kukulia sio kuzaliwa! Mtu anaweza kumtoa mtoto baharini, akamweka kwenye tenki au kwenye wavu ulioning'inizwa baharini wiki kadhaa, akakwambia kakulia. Hajadanganya. Wewe ndio umejidanganya.

Sasa nikafika nyumbani, nikayeyusha uduvi wa barafu, wale maisisi wa kwenye pakiti, nikamshushia mmoja kwa bomba pale mbele ya pua. Hawa macho yao kila moja linakwenda kivyake, basi jicho moja likamfuata uduvi akishuka, lingine linaniangalia mimi. Uduvi akashuka, akapita kidevu, akapita mkia, akalala kwenye mchanga. Hakumgusa. Kwake yeye chakula ni kile kinachochezacheza, kitu kilichokufa ni takataka tu kama jani. Nikatafuta artemia hai, vile vijiduvi vidogo vya maji chumvi, hao akala, lakini artemia mkubwa bila kulishwa kitu cha maana kabla ni kama kumpa mtu bisi asubuhi mchana jioni, anatafuna na anakonda. Na farasi wa baharini hana mfuko wa tumbo kama wetu, chakula kinapita moja kwa moja utumboni, kwa hiyo hawezi kushiba leo akasubiri keshokutwa, lazima ale mara mbili tatu kwa siku, kila siku, uwe na shughuli uwe na msiba. Siku ya kumi na tano hivi nikimwangalia kwa mbele tumbo limeingia ndani, ile mifupa ya pembeni imetokeza kama mbavu za dau bovu pale Tanga ufukweni. Siku ya 19 nikaamka nikamkuta kalala chini.

Sisemi wa kuvuliwa wote wanakufa. Wapo watu wenye uzoefu wanamchukua, wanamweka karantini wiki kadhaa peke yake, wanampa dawa za minyoo, wanamfundisha taratibu kula mfu kwa kuchanganya na hai, na anakubali. Ila hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, sio yako wewe unayeanza, na hakika sio yangu mimi wa mwaka juzi. Alama nampa 3 kwa 10, na hizo tatu ni za uzuri.

Haya hawa wawili. Huyu wa manjano anaitwa Hiliki, jike, na yule mweusimweusi ni Karafuu, dume, mnaona kile kifuko chini ya tumbo. Niliwaagiza shambani moja kwa moja, zipo shamba kadhaa, wengi mtakuwa mmesikia Ocean Rider wa Kona kule Hawaii ambao wapo tangu 1998. Walifika kwenye boksi, nikawazoesha maji taratibu kama saa nzima, nikawaachia, wakajishikiza kwenye ule mmea wa plastiki. Nikasema wacha nijaribu tu. Uduvi wa barafu. Nusu saa haijaisha Hiliki kashakula watano! Nilikaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu, maana nilishatumia wiki tatu nambembeleza mwenzake.

Hiyo ndiyo unayoilipia kwenye 120, sio rangi. Unalipia mtu aliyemfundisha kula mfu toka utotoni. Na bei hiyo nilikuwa naiona wizi mpaka Karafuu alipozaa, ndiyo, dume ndiye anayebeba mimba, jike anamwekea mayai kifukoni. Niliamka nikakuta vitu kama nyuzi vinaelea tenki zima, mamia, kila kimoja farasi kamili na mkia wake. Wanataka rotifa na kopepodi, yaani vijidudu vidogo sana vya majini, na artemia waliototolewa siku hiyohiyo, kila saa kadhaa. Mimi nilikuwa na nini? Uduvi wa barafu mkubwa kuliko vichwa vyao. Wiki haikuisha hakubaki hata mmoja. Toka siku hiyo simbishii mtu wa shamba bei.

Ila wa shambani nao wana mambo yao msije mkasema dada hakutuambia. Joto ndio adui. Maji yakipanda bakteria wa aina ya Vibrio wanashamiri na hawa ngozi yao inaoza haraka, mimi naweka nyuzi 22 mpaka 23 basi, na kwa Houston hii ya mwezi wa nane maana yake mashine ya kupoza maji inanguruma mchana kutwa, mume wangu akiona bili anauliza hawa farasi wanalipa kodi? Tenki nalo liwe refu kwenda juu, angalau mara tatu ya urefu wa mnyama, kwa sababu wakichumbiana wanapanda juu pamoja, na kwa wawili usishuke chini ya lita 110. Midomo ya pampu funika, mkia ukivutwa ndani ndio basi. Na usimchanganye wa shamba na wa kuvuliwa, utamletea magonjwa ambayo hajawahi kukutana nayo.

Jinsi ya kutotapeliwa: usimuulize muuzaji katokea wapi, mwambie amlishe mfu mbele yako. Asipokula, rudi nyumbani na hela yako. Na kama kaingizwa toka nje ya nchi kuna vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, farasi wa baharini wote wamo toka Mei 2004, na kibali kina herufi ya asili, W ni wa kuvuliwa, C ni wa kuzalishwa, F kazaliwa kwenye ufugaji ila hajatimiza masharti yote ya C. Muulize herufi. Akianza kukuna kichwa umeshapata jibu. Ila huyu wa Florida hajavuka mpaka, herufi hana, hapo rudi kwenye uduvi.

Kuna kaka wa Kilifi kauliza, dada huku kwetu si nachota tu kwenye majani maji yakitoka? Ni kweli pwani yetu wapo, hata yupo Hippocampus camelopardalis, jina lake la kisayansi ni lile la twiga, yupo mpaka Tanzania. Lakini kaka yangu, huyo utakayemchota ndio yule wangu wa siku 19, tena wewe huna hata duka la artemia. Na wana jozi zao hawa, ukimtoa mmoja mwenzake anabaki analinda kipande chake cha majani peke yake. Muache, vaa miwani ya kuzamia umwangalie bure.

Haya saa ya kula imefika, Hiliki kashakuja kwenye kioo ananisimanga. Nazima pampu, nyamazeni kidogo, sogezeni simu sikioni... ta! Mmesikia? Huo ni mdomo wake. Karafuu bado anachagua, huyu bwana ana mapozi.