Foili chini ya bati: mwaka wangu wa kwanza Kinyerezi

Nyumba ni ya vyumba vitatu, dari la jipsam, bati la msauzi la kijivu kilichokolea. Rangi hiyo niliichagua kwa macho, nikailipia kwa jasho. Mwezi wa pili, saa nane mchana, ukigusa dari unahisi kama umegusa sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Mwanangu wa kwanza, mwenye kitanda cha juu kwenye dabodeka, alikuwa akihamia sakafuni kila usiku bila kuagizwa.

Dar jua halitupigi ubavuni. Kuanzia Oktoba hadi Machi linapita karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba linasimama wima kabisa. Kwa hiyo anayesulubika zaidi ni paa, siyo ukuta. Nikaenda Kariakoo kununua roli 4 za foili, karatasi inayong'aa ya kuzuia joto la paa, ile yenye mapovu ya hewa katikati, kila moja mita 40 kwa upana wa mita 1.2.

Fundi alitaka kuitandaza juu ya dari kama mkeka, amalize kabla ya chakula cha mchana. "Bosi, weka hii, utalala na shuka mwezi wa kwanza." Nilimkatalia kuitandaza. Foili haifanyi kazi kwa unene, inafanya kwa kung'aa: bati likishapata moto linatupa joto chini, na uso unaong'aa ndio unaolizuia. Ukiulaza ukiangalia juu, vumbi la Kinyerezi linaufunika, na baada ya muda huna foili, una karatasi chafu. Tukaikaza chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, uso unaong'aa ukiangalia dari, tukaacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Ilichukua siku 3, maana walifanya kazi alfajiri tu. Ikifika saa nne asubuhi humo juu ni tanuri.

Nina kipimajoto kidogo cha ukutani. Kiangazi cha kabla, sebule saa nane mchana ilikuwa ikifika 34. Kiangazi hiki, kukiwa na jua kama lile, ilikuwa inaishia 31. Nyuzi 3 zinasikika kama utani mpaka ukae chini yake. Lile joto la kukandamiza kichwa kutoka juu limeondoka, na dari sasa unaligusa bila kushtuka.

Usiku ndipo fundi alipodanganya. Saa nne usiku kipimajoto kinasoma 30 vilevile kama zamani. Matofali ya saruji yanakunywa joto mchana kutwa na kulitapika usiku, hasa ukuta wa magharibi, halafu na ule unyevu wa Kaskazi jasho halikauki. Foili haina la kufanya hapo. Pangaboi langu bado linazunguka hadi asubuhi, na madirisha yakifungwa kwa kuogopa wezi, basi tena. Tofauti niliiona kwenye chumba chenye AC: zamani ilikuwa haikati kabisa, sasa inakata na kupumzika, na yuniti za umeme wa LUKU zinafika mwisho wa wiki.

Masika ndiyo yaliyonitia hasira. Kelele za mvua zilipungua kidogo tu, msitarajie kusikia taarifa ya habari. Kubwa zaidi, doa likajitokeza kwenye dari la koridoni. Fundi akapanda, akaziba msumari juu ya koridoni, doa likarudi. Kumbe bati lilikuwa linavuja upande wa jikoni, maji yanashukia kwenye foili, yanateleza mita kadhaa na kudondokea kwingine. Kabla ya kuweka foili, subirini mvua kwanza, zibeni kila tundu. Na angalieni fundi asifunike matundu ya hewa pembeni ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Kwangu aliyafunika, nikasikia harufu ya ukungu hadi tulipoyakata upya.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, sikuona tofauti yoyote. Shuka nilijifunika, lakini hata jirani asiye na dari alijifunika. Shemeji yangu wa Mafinga aliniuliza kama aweke hii hii kwa ajili ya baridi. Nilimwambia atafute sufi nene ya kulaza juu ya dari, yeye shida yake ni joto kutoka, siyo kuingia.

Ningeinunua tena? Ndiyo, ila kwa rangi ya bati nyeupe. Sasa hivi nimepanda miche miwili ya mwarobaini upande wa magharibi, na dogo amerudi kitanda cha juu, mchana tu.