Kozi ya jioni ya biashara ya kimataifa Kampala: imara kwenye hati, dhaifu barabarani

Katika kozi hii, inayotolewa na chuo kimoja cha binafsi jijini Kampala, maafisa wa benki huketi darasa moja na mawakala wa forodha na wafanyakazi wa kampuni zinazouza kahawa nje ya nchi. Nimeisoma hadi mwisho, na ninaipendekeza kwa dhati kwa watu wa benki na wa kahawa. Kwa wakala wa forodha nina mashaka.

Nguvu yake iko katika masomo ya LC, yaani barua ambayo kwayo benki ya mnunuzi hujifunga kumlipa muuzaji akiwasilisha hati zilizotajwa. Mwalimu amekagua hati za namna hiyo benkini kwa miaka mingi, na badala ya kutusomea kanuni hutugawia ankara, hati ya shehena, cheti cha uasili na cheti cha bima, kisha hututaka tuamue kama benki ingelipa au ingekataa. Hapo ndipo kifungu cha 5 cha UCP 600, kanuni za LC za Chama cha Kimataifa cha Biashara (ICC) zinazotumika tangu tarehe 1 Julai 2007, kinapopata uzito wake: benki hushughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Kahawa inaweza kuwa safi kabisa na muuzaji asilipwe kwa wakati, kwa sababu tu maelezo ya bidhaa kwenye ankara hayalingani na yaliyomo kwenye LC, au hati zimewasilishwa baada ya siku 21 tangu mzigo kusafirishwa.

Somo la Incoterms 2020, yaani masharti ya ICC yanayoonyesha gharama na hatari za mzigo zinamhama muuzaji wapi, nalo limetayarishwa kwa kuijali Uganda. Kati ya masharti yake 11, mwalimu alikaa sana kwenye FOB na FCA, na alifanya vyema, kwani anayefunga kontena la kahawa Kampala akaliuza kwa FOB Mombasa hubeba hatari yote ya safari ya zaidi ya kilomita 1,100 mpaka mzigo upande melini. Kwa FCA Kampala hatari humhamia mnunuzi pale mchukuzi anapokabidhiwa kontena. Tena toleo hili linaruhusu pande mbili zikubaliane kwamba mnunuzi amwagize mchukuzi ampe muuzaji hati ya shehena inayoonyesha mzigo umepakiwa melini, hati ambayo LC nyingi huidai. Laiti wauzaji wadogo wa Mbale na Masaka wangelijua hili kabla ya kutia saini mikataba yao!

Masikitiko yangu yako kwenye usafirishaji. Vitini vya darasa hulifuata kontena kutoka bandari hadi bandari, kana kwamba kazi huishia gatini. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, inayowezesha ushuru kulipwa Uganda mzigo ungali Mombasa, ilipitiwa harakaharaka, pamoja na lakiri za kielektroniki zinazofuatilia kontena njiani na dhamana za mizigo inayopita nchi jirani. Njia ya Dar es Salaam, ambayo mzigo unaweza kufika Mwanza kwa reli na kuvuka Ziwa Victoria hadi Port Bell, haikulinganishwa kabisa na ile ya Mombasa.

Kwa hiyo wakala wa forodha aanze na EACFFPC, cheti cha kazi ya forodha na uwakala wa mizigo kinachoendeshwa na FEAFFA, shirikisho la vyama vya mawakala wa mizigo, pamoja na mamlaka za mapato za Afrika Mashariki, kisha aje hapa kwa ajili ya LC. Yeyote anayejiunga abebe nakala za hati za kazini kwake, majina ya wateja yakiwa yamefutwa, kwa sababu mwalimu huzikagua mbele ya darasa, na hakuna vipindi vilivyotufaa kuliko hivyo.