Haller Park, Bamburi: nendeni mkamuone jongoo

Natoa nyota tano kwa hii bustani ya wanyama na miti, na sababu yangu ni moja ambayo wengi hawaiandiki. Rivyu nyingi za hapa utakuta ni twiga tu, twiga na selfi, kiboko, mamba, basi. Twiga wapo kweli, wanalishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, unaweka chakula kiganjani na ule ulimi mrefu unakuja kukichukua, watoto wanapiga kelele za furaha, na mimi pia napenda sana. Lakini leo naandikia mtu aliyechoka. Yule simu inaanza kumuita kabla hajanywa chai, analala na mawazo na kuamka nayo.

Mimi niko kwenye kliaringi, kazi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa, wenzangu wa bandarini mnajua ilivyo. Dereva yuko geti anapiga, mwenye mzigo yuko Kampala anapiga, bosi naye anapiga, na kontena likikaa, ada ya storeji inapanda kila siku. Ukitoka hapo ni foleni ya daraja la Nyali na mahoni ya matatu, unafika nyumbani unakula na wala huskii ladha ya chakula. Mtu akifika hapo, wallahi, anahitaji mahali pa kutulia, na si lazima iwe safari ya mbali. Panda matatu ya Mtwapa, mwambie konda akushushe Haller Park, geti iko pale pale kando ya barabara ya Malindi.

Sasa ukiingia usikimbilie twiga. Simama kwanza chini ya ile miti ya mivinje. Utaskia inavuma juu hata kama chini hakuna upepo wa kutikisa nguo. Okota kile kijitawi chembamba cha kijani kilichoanguka, wengi wetu tunadhani ndio jani lakini jani lenyewe ni vile vimeno vidogo sana kwenye viungio, na ukivuta kinaachia kipingili kimoja kimoja. Mpe mtoto akivute, atakaa nacho robo saa bila kuulizia simu yako.

Halafu ujue umesimama wapi. Hapa palikuwa machimbo. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kazi 1954, mawe ya matumbawe yakachimbwa miaka na miaka mpaka pakabaki shimo kubwa jeupe, jua linawaka juu na mwamba unawaka chini, udongo hakuna, maji yaliyo karibu yana chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa kilimo, akaanza kujaribu kupanda miti humo. Akajaribu aina 26, zikapona tatu tu, mnazi, mdamas na mvinje, na uliokubali zaidi ni mvinje kwa sababu mizizi yake ina vinundu ambamo wanakaa vijidudu wa kuchukua naitrojeni kutoka hewani, kwa hivo unaweza kuishi hata pale ambapo mti mwingine ungekufa njaa.

Lakini shida haikuisha. Mivinje ilikua, ikaangusha vijitawi vyake, na vile vijitawi vikakaa tu pale chini havitaki kuoza, vimekauka vimejaa tanini, ile kemikali ya mimea inayozuia kuoza, mboji haipatikani na bila mboji hakuna msitu. Hapo ndo akaletwa jongoo. Ndio, jongoo huyu huyu wetu, mweusi mwenye miguu mekundu, anayetembea ukutani mvua zikianza. Akawekwa kwa wingi humo ndani, akatafuna vile vijitawi vikavu, akanya, na kinyesi chake kikawa udongo. Juu ya udongo huo ikapandwa miti mingine, ndege wakaja na mbegu zao, wanyama wakaletwa, na leo wewe unatembea kwenye kivuli.

Sisi wa pwani tumelelewa na ile methali, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mdudu wa kubebwa kijitini akarushwe mbali na kijiti chenyewe kisirudi. Mimi nikimuona pale kwenye njia sasa nainama kabisa. Yani muangalieni akitembea, ile miguu haiendi yote kwa pamoja, inapita kama wimbi kutoka nyuma kwenda mbele, wimbi moja halijaisha lingine limeanza, na mwili wenyewe juu umetulia hautikisiki. Ukimgusa anajikunja duara anangoja, ukinyamaza anajikunjua taratibu, vipapasio viwili mbele vinapima ardhi, haya safari inaendelea. Nikimaliza kuangalia hiyo mabega yangu yameshuka yenyewe. Wakati mzuri wa kumpata ni mvua za masika au siku imenyesha usiku, ukienda kiangazi ardhi imekauka anajificha chini ya majani, hapo itabidi uchutame na uwe na subira, lakini usichokoe chokoe makao yake.

Kitu kingine ni ndege mnana. Nenda pale penye maji, utafute tawi lililoinama juu ya bwawa, utaona dume wa manjano amening'inia kichwa chini anasuka kiota kwa mdomo, unyasi mmoja anauingiza, anauvuta, anaufunga. Jike anakuja kukagua. Akikipenda anaingia, asipopenda anaenda zake, na dume mwenyewe atakuja kukibomoa kile kiota aanze kingine. Kuna benchi, kaa. Wageni wengi wanapita hapo wanauliza mamba wako wapi, hawainui hata macho, na mchezo wote uko juu ya vichwa vyao.

Kobe wakubwa nao musiwapite. Wengi mtakuwa mnaikumbuka ile habari ya kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa Malindi Disemba 2004 baada ya tsunami akaletwa hapa na akamganda kobe mzee anaitwa Mzee, wakawa wanalala pamoja, dunia nzima ikaandika. Mimi nawapendea kobe ule mwendo wao, akiamua kwenda kwa jani anakwenda kwa jani tu.

Ombi langu kwa tunaoenda kule, naliomba kwa moyo: zimeni spika. Unakuta kundi limeingia na mziki wa juu kabisa, ule mvumo wa mivinje haupo tena, ndege wamehama, na yule mzee aliyekuja kupumzisha kichwa anarudi alivyokuja. Picha pigeni, hakuna anayekataza, lakini tumbili msimpe krisps wala biskuti, akizoea anakuwa mnyang'anyi na hatimaye anayeumia ni yeye.

Kama mna watoto msiwavute mkono ati haraka haraka twende kwa nyoka. Mtoto akichutama njiani na wewe chutama, ujue ameona kitu. Mimi huwa nawaacha wa dada yangu watangulie wao, macho yao yako karibu na ardhi kuliko yangu, wameshanionyesha ganda la konokono, unyoya wa kanga, chungu wanabeba bawa la kipepeo, vitu ningevikanyaga nikipita.

Ya matumizi: nenda asubuhi siku ya kazi ukiweza, wikendi na sikukuu panajaa. Vaa viatu vya kutembea, chukua maji kwenye chupa ya kutumia tena, dawa ya mbu ukipaka kidogo itakusaidia kwenye vivuli vizito. Masaa mawili yanatosha kuzunguka lakini ukitaka faida ya kweli tenga matatu na simu weka sailenti, mwenye mzigo atasubiri. Na ukifika kwa twiga saa tisa, lisha, furahi, kisha usitoke na lile kundi linaloelekea geti, rudi nyuma njia ile ile uliyokuja ukiangalia chini, jua likishapoa ndio jongoo wanaanza kutoka, na bado utawahi kabla hawajafunga.