Tiba ya mazungumzo: kufukua ya jana au kushughulika na ya leo?

Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya kufukua ya jana, alimlaza mgonjwa kwenye kochi na kumwacha asimulie utoto wake, mara kadhaa kwa wiki, pengine kwa miaka. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani aliyefunzwa njia hiyohiyo, aliipa kisogo miaka ya 1960 akaanza kuuliza: wazo gani limekupitia kichwani sasa hivi?

Kwa muda na gharama, njia ya leo, yaani ya Beck, inashinda waziwazi; mara nyingi vikao 6 hadi 20 hutosha. Ila ina kazi za nyumbani. Unaogopa lifti? Leo panda nayo ghorofa moja, kesho mbili, ukiandika hofu ilifika wapi. Usipofanya, umelipia soga tu.

Njia ya jana, ya Freud, ina nguvu pale tatizo linapojirudia. Anayeachana na mchumba wa tatu kwa ugomvi uleule hasaidiki sana na mbinu za kupumua. Anahitaji kujua alijifunzia wapi kugombana hivyo. Lakini kidonda kibichi kikifukuliwa kwa pupa, maumivu huzidi.

Kama hulali kwa sababu ya mtihani wa mwezi ujao, anza na leo. Kama unachoka kujiuliza “kwa nini mimi tena?”, rudi nyuma. Washauri wengi, kusema kweli, huchanganya zote mbili.