Uzoefu wangu na Patience and Sarah, riwaya ya mapenzi ya wanawake wawili wa karne ya 19

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji wa riwaya za mapenzi za kihistoria zinazowahusu wapenzi wa jinsia moja, na lalamiko langu kubwa juu ya nyingi kati ya hizo ni kwamba historia imewekwa humo kama pambo. Wahusika huvishwa gauni refu au koti la askari wa farasi, hupandishwa gari la kukokotwa, kisha huachwa wapendane kama vijana wa leo wenye mishahara yao na chumba chao cha kupanga. Msomaji haambiwi chakula chao kinatoka wapi, nyumba wanamolala ni ya nani, wala wangefukuzwa leo wangekwenda kuishi kwa njia gani. Riwaya ya Patience and Sarah, iliyoandikwa na Alma Routsong kwa jina la kalamu la Isabel Miller, imeyabeba maswali hayo tangu kurasa za mwanzo na haiyaachi, na ndiyo sababu nimeona niieleze kwa urefu kwa wasomaji wenzangu ambao huenda hawajaifikia.

Hadithi inaanzia katika jimbo la Connecticut, Marekani, mwaka 1816. Patience White ni mwanamke ambaye hajaolewa, mwenye elimu kiasi, anayechora picha za visa vya Biblia, na ambaye marehemu baba yake alimwachia urithi unaomwezesha kuishi bila kulazimika kutafuta mume. Anaishi katika sehemu yake ya nyumba ya familia, pamoja na kaka yake Edward, wifi yake Martha na watoto wao. Sarah Dowling anatoka katika familia maskini ya mabinti watupu, na kwa kuwa baba yake hakupata mtoto wa kiume, alimteua yeye kuwa mwana wa kazi: anapasua kuni, anaendesha plau, anavaa suruali, na majirani wamekwisha kumzoea hivyo huku wakimsema. Siku anapoleta kuni nyumbani kwa akina White, anamweleza Patience kwamba anakusudia kwenda magharibi kununua ardhi na kulima mwenyewe, na Patience, ambaye anajua vizuri kwamba jambo hilo kwa mwanamke aliye peke yake karibu haliwezekani, anashindwa kumkatisha tamaa. Baada ya muda si mrefu anajikuta anataka kwenda naye.

Inafaa kukumbuka kuwa mwaka huo wa 1816 ndio ule ambao baridi iliwapiga wakulima wa New England, eneo la kaskazini mashariki mwa Marekani lenye jimbo la Connecticut, katikati ya kiangazi, baada ya mlima Tambora wa Indonesia kulipuka mwaka 1815 na majivu yake kuitia dunia kivuli. Mazao yaliharibika, na familia nyingi ziliuza mashamba zikaelekea magharibi. Ndoto ya Sarah, kwa hiyo, ilikuwa ndoto ya watu wengi wa kizazi chake, na kilichokuwa kigeni ndani yake ni mtu anayeiota tu.

Jambo lililonivutia zaidi katika riwaya hii ni jinsi mapenzi yalivyofungamanishwa na mali. Kwa sheria za wakati ule, mwanamke akiolewa, mali yake iliingia mikononi mwa mume. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kumruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe mwaka 1848 tu. Mwanamke ambaye hakuolewa, kinyume chake, aliweza kununua shamba na kuandikishwa hati kwa jina lake. Maana yake ni kwamba Patience ana nguvu kwa sababu hajaolewa, na kwamba urithi wake, ambao jamii iliuona kama msaada wa huruma kwa binti asiyepata mume, ndio unaogeuka kuwa nauli, shamba na maisha. Routsong hatoi mhadhara juu ya sheria hiyo. Anamwacha Patience ahesabu fedha zake, na katika hesabu hiyo msomaji anaona kwamba kwa wanawake hawa kupendana hakukuwa kugumu; kugumu kulikuwa kupata mahali pa kupendana bila kuomba ruhusa ya baba au kaka. Ninakiri kwamba sikuwahi kuguswa namna ile na ukurasa unaozungumzia bei ya ardhi.

Mambo yanapofichuka mara ya kwanza, Sarah anapigwa na baba yake, na Patience, akiwa mbele ya kaka yake, anaingiwa na hofu na kumkana mwenzake. Sehemu hiyo inaumiza kuisoma, na ninamheshimu mwandishi kwa kutomtetea Patience kwa haraka. Sarah anakata nywele, anajiita Sam, na kushika njia ya magharibi peke yake kwa miguu akiwa na mavazi ya kiume. Njiani anakutana na mchungaji mmoja, Daniel Peel, ambaye ni mchuuzi wa vitabu anayezunguka na gari lake la farasi, na ambaye anamchukua Sam kama msaidizi na kumfundisha kusoma. Mchungaji huyu ana mke na watoto, ana ukarimu na akili pana, na polepole inadhihirika kwamba anampenda yule anayemdhani kuwa kijana wa kiume.

Nimewasikia wasomaji wanaosema sehemu ya Peel inakatiza hadithi. Mimi ninaiona kuwa moyo wa kitabu. Kwa kurasa hizo chache mwandishi anamweka mwanamume mwenye siri kando ya mwanamke mwenye siri, kila mmoja akiwa amekosea kumtambua mwenzake, na anaonyesha tofauti ya hali zao bila kuitangaza: Peel anaweza kusafiri, kusoma, kuwa na nyumba New York na heshima mbele ya watu, lakini hana mtu wa kuishi naye kwa uwazi hata chumbani, Sarah hana chochote kati ya hivyo, ila anajua anampenda nani na anataka kufanya nini. Elimu anayopata kutoka kwake ni ya kweli, na haikupatikana kwa kudhalilishwa. Katika riwaya nyingi za aina hii mwanamume wa namna ya Peel angekuwa mwovu wa hadithi, naye Routsong amempa utu kamili.

Hadithi hii imetokana na watu waliokuwepo. Mary Ann Willson alikuwa mchoraji aliyeishi na mwenzake, Bi Brundage, katika wilaya ya Greene, jimbo la New York, miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Maelezo mafupi yaliyoandikwa na mtu aliyeipenda kazi yake yanasema wawili hao walitoka Connecticut, wakanunua kipande cha ardhi, wakajenga nyumba ya magogo; Brundage alilima, na Willson alichora picha kwa rangi alizotengeneza mwenyewe kwa maji ya matunda ya porini na unga wa matofali, akaziuza mbali, kuanzia Canada hadi Mobile, mji wa kusini mwa Marekani. Maelezo hayo yanataja wazi kwamba walikuwa wameshikamana kimapenzi. Picha zake zilionyeshwa katika jiji la New York miaka ya 1940, zikiwemo za kisa cha Mwana Mpotevu, nazo zina rangi kali na maumbo yasiyojali kanuni za shule yoyote. Routsong alipojua habari zao, aliziona zinamtosha kwa riwaya nzima.

Kwa msomaji atakayeuliza kama wanawake wa wakati ule waliweza kweli kuishi hivyo mbele ya kijiji kizima, kuna mfano wenye ushahidi mwingi zaidi. Charity Bryant na Sylvia Drake waliishi pamoja Weybridge, katika jimbo la Vermont, kuanzia mwaka 1807 hadi Charity alipofariki mwaka 1851, wakifanya kazi ya ushonaji, wakienda kanisani, na majirani wakiwachukulia kama nyumba moja. Walizikwa chini ya jiwe moja la kaburi. Mpwa wa Charity, mshairi William Cullen Bryant, aliandika hadharani juu ya maisha yao kwa heshima kubwa. Nilipoisoma riwaya kwa mara ya pili nikiwa nimekwisha kuyajua hayo, shaka yote kwamba mwandishi amelainisha historia ilinitoka.

Kitabu chenyewe kina historia yake. Routsong hakupata mchapishaji, hivyo mwaka 1969 alikichapisha kwa fedha zake, nakala zipatazo 1000, kwa jina la A Place for Us, akawa anakiuza mwenyewe katika mikutano ya wanawake wanaopendana jijini New York. Mwaka 1971 kilikuwa kitabu cha kwanza kabisa kupewa tuzo ambayo kundi la wakutubi wanaopenda watu wa jinsia yao ndani ya Chama cha Maktaba cha Marekani lilikuwa limeianzisha, na ambayo leo inajulikana kama Stonewall Book Award. Mwaka 1972 kampuni ya McGraw-Hill ilikitoa kwa jina tunalolijua sasa. Ni vema kuyaweka haya karibu na desturi iliyokuwepo kabla yake: katika miaka ya 1950 riwaya za bei nafuu za Marekani zilizowahusu wanawake wa namna hii zilitakiwa zimalizikie kwa kifo, wazimu au ndoa na mwanamume, kwa sababu wachapishaji waliogopa vitabu vitakamatwa na posta. Routsong aliwapa wahusika wake shamba, kitanda na majira ya kupanda. Habari za kweli za Willson zinasema kwamba Brundage alipofariki, mwenzake hakuliwazika, akatoweka eneo lile; mwandishi aliijua huzuni hiyo iliyokuwa mbele yao na akaamua kusimama pale maisha yao yanapoanza. Uamuzi huo ninaukubali kwa moyo wote.

Kuna mapungufu. Utumwa ulikuwa bado halali New York hadi mwaka 1827, na Connecticut hadi 1848, lakini jambo hilo halina uzito wowote katika safari ya wanawake hawa, na wenyeji wa asili ambao ardhi ile ilikuwa yao hawahesabiwi pale ardhi inapozungumzwa kuwa ya bei rahisi. Sisi tuliokulia pwani, ambako majengo ya biashara ya watumwa bado yamesimama, hatuwezi kusoma habari za mtu anayetafuta uhuru kwa kununua ekari bila kuuliza nani mwingine alikuwa karibu na hakuruhusiwa hata kununua. Pia sehemu ya mwisho ni fupi mno. Baada ya safari ndefu ya kulifikia shamba, nilitaka kuona mavuno na majirani, na hata ugomvi wa nyumba iliyokwisha kuzoeleka.

Kuhusu lugha, Patience na Sarah wanapokezana usimulizi, na sauti zao zinatofautiana sana. Patience anaandika kwa utulivu na maneno ya kupimwa. Sarah anazungumza Kiingereza cha mashambani cha New England, chenye maneno yaliyokatwa na sarufi yake mwenyewe. Msomaji ambaye Kiingereza alikipata darasani atahitaji subira anapofika sehemu ya kwanza ya Sarah, lakini sikio likishaizoea sauti hiyo, ucheshi na ujasiri wake vinajitokeza. Kilichonisaidia ni toleo la kusikiliza, linalosomwa na mwigizaji Jean Smart na mwanamuziki Janis Ian, kila mmoja akishika mhusika wake. Lafudhi haikuzidishwa, na mahali pa kimya pameachwa kimya. Mandhari ya mapenzi yameandikwa kwa staha; hayafichi kwamba wanawake hawa wana miili, wala hayamfanyi msomaji ajione anachungulia.

Toleo la karatasi nililo nalo ni la mwaka 2005 la Arsenal Pulp Press ya Vancouver, lenye utangulizi wa mwandishi wa riwaya Emma Donoghue. Limo katika mfululizo uliopewa jina la Little Sister's, duka la vitabu la jiji hilo ambalo liliishitaki serikali ya Canada kwa sababu ya forodha kuzuia vitabu vyake, kesi iliyofika Mahakama ya Juu na kuamuliwa mwaka 2000. Ninapendekeza toleo hilo kuliko mengine kwa sababu ya utangulizi, ambao unaeleza vizuri kitabu kilitokea wapi.

Msomaji anayetafuta mapenzi ya wanaume katika historia hatayapata hapa zaidi ya kivuli cha Mchungaji Peel. Huyo nitamwelekeza kwa Mary Renault, Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini mwaka 1948 na mwenzi wake Julie Mullard na kuandikia huko riwaya zake za Ugiriki ya kale. Lakini anayetaka kuona jinsi watu wawili wa kawaida, wasio wafalme wala mashujaa wa vita, walivyoweza kujitafutia nyumba kwa shoka, brashi na urithi mdogo, basi aanze na Patience and Sarah. Ningemshauri asikilize kwanza ile sehemu ya Sarah, kisha arudi kwenye karatasi kwa ajili ya Patience, kwa sababu sentensi zake zinataka kusomwa taratibu.