Pawasaplai mpya, Corsair CV450: uzoefu wangu wa kuifunga nyumbani Kisumu

Naishi Mamboleo, na riziki yangu iko kwenye kompyuta ya mezani: nahariri video za harusi na matanga. Aprili, jioni moja ya radi, stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena. Iliporudi mara ya pili kompyuta ilikuwa kimya. Si taa, si feni.

Fundi niliyempelekea aliitazama dakika tano, akasema madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, imeungua, akataka shilingi 15,000. Ndani ya mashine ile mlikuwa na video ya mazishi ya mama wa mteja wangu. Harusi mtu anaweza kuvaa tena akapigwa picha, mazishi hayarudiwi. Sikuwa tayari kukubali neno la dakika tano.

Nyumbani niliipima mwenyewe. Nilitoa plagi ukutani, nikachomoa nyaya zote za pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta stima, kutoka kwenye mashine, nikaunganisha kwa kipande cha waya tundu la waya wa kijani na la waya mweusi katika ile plagi kubwa ya pini 24. Kupitia huo wa kijani ndipo madabodi huiambia pawasaplai iwake. Nikarudisha plagi, nikawasha. Feni yake haikutikisika. Aliyekufa nikamjua.

Oginga Odinga Street, duka la kwanza lilinipa ya shilingi 1,500 iliyoandikwa wati 500. Ilikuwa nyepesi mno mkononi, nikasoma kibandiko: kwenye volti 12, ampea 14. Zidisha upate wati 168. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya grafiki inayochora picha za skrini hula hasa kwenye hizo volti 12, kwa hiyo ile 500 ya kwenye boksi ilikuwa maneno tu. Niliirudisha, nikalipa 6,800 kwa CV450. Karibu wati zake zote 450 zinapatikana kwenye volti 12, na ina alama ya 80 Plus Bronze: kwenye kipimo cha alama hiyo, ikibeba nusu ya mzigo, angalau asilimia 85 ya stima inayovuta hufika kwenye mashine badala ya kupotea kuwa joto.

Kuifunga ni kazi ya bisibisi moja na skurubu nne za nyuma. Kabla ya kutoa ya zamani nilipiga picha kila waya ulipoingia. Nyaya za CV450 hazichomoki kwenye boksi lake, na kasha langu ni dogo, kwa hiyo zile nisizotumia nilizikunja nikazifunga chini ya diski.

Nikawasha. Feni zote zikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Moyo ulinishuka, nikadhani fundi alisema kweli. Nilirudia zile picha moja moja mpaka nikaona: juu kabisa, karibu na prosesa, kuna soketi ndogo ya pini nne yenye waya wake peke yake, na nilikuwa sijaichomeka. Yangu ni ya pini nne. Waya wa CV450 una nane zinazogawanyika nusu kwa nusu. Nikachomeka nusu moja. Ikawaka, na video ya mazishi ikafunguka yote.

Sasa ni wiki ya saba. Nikitoa video ya saa mbili feni yake siisikii, na mashine haijajizima hata mara moja. Kwangu inastahili kila shilingi.

Wenye zile Dell na HP ndogo zilizotumika ofisini Ulaya, fungueni kasha kwanza mtazame: nyingi zina plagi ya pini sita au nane badala ya 24, na hii haitaingia. Na ile iliyokufa msiifungue kutafuta fyuzi, kepasita zake hushika stima hata baada ya kuchomolewa. Yangu nimeiweka juu ya kabati, mbali na watoto.